Mwenye Jina la Baba

Makomeno, Lubumbashi, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Sylvain,

Barua yako imefika jana, inanuka samaki kuanzia bahasha mpaka saini. Najua lori la Fils ni la samaki na hana pengine pa kuiweka, lakini mfuko wa plastiki haungemshinda. Tangu radi ilipoiua antena ya simu huko Kilwa yenu ya ziwani, mpakani na Zambia, tumerudi kuandikiana kama wakati wa wazazi wetu, na mimi sioni ubaya. Barua inamlazimisha mtu kufikiri. Inategemea tu nani ameshika kalamu.

Na nianzie hapo. Mwandiko ule ni wa mke wako. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, nimesahihisha kazi za watoto waliokuwa wanakula chaki, lakini mistari inayopanda na kushuka vile sijawahi kuiona. Edith ni muuza samaki kutoka Luapula, hakumaliza shule, na anaandika kama anavyopaa samaki. Ulipomuoa nilisema maneno yangu. Sitayarudia, ingawa ningeweza.

Macho yako yananiuma kweli. Mtoto wa jicho pande zote mbili, na wewe ni fundi wa cherehani! Fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini? Unasema madaktari wa macho watakuja Kasenga mwisho wa Machi, watapasua wiki moja tu, halafu mpaka mwaka kesho. Nimeelewa. Ile congélateur, friji ya kugandisha, mliyoniachia mlipohamia huko kusiko na umeme, nitaiuza mimi kwenye mtandao, na pesa yake ndiyo itakayokufungua macho. Kazi hiyo niachie.

Mke wako ameandika eti nijihadhari na wezi wa mtandao. Mimi, Laurentine! Wezi wale nawajua kama wanafunzi wangu, na nadhani nusu yao kweli nimewafundisha. Kuna anayekutumia mesaji ya uongo kwamba pesa imeingia, na mjinga anatoa mzigo kabla hajaangalia akaunti yake. Kuna anayejifanya amelipa zaidi, kisha analia arudishiwe ziada. Kuna asiyetaka kuona kitu wala kupunguziwa bei, ana haraka, na kila mara yuko mji mwingine. Yanahitaji akili gani kuyaona hayo? Nasema bila aibu: mtu anayeliwa namna hiyo alikuwa ameshaiva, wao wamemchuma tu.

Kesho nitaipangusa na kuipiga picha.

Dada yako,
Laurentine Mwenze


Kilwa, 25 Januari 2025

Yaya Laurentine, dada yangu mkubwa,

Edith amenisomea barua yako mara mbili na mara zote mbili nimefurahi. Asante kwa maneno mazuri uliyoandika juu ya mwandiko wake, kwamba mistari yake imesimama imara. Aliona haya kidogo kuyasoma, nikamlazimisha ayarudie. Sikujua kama ulikuwa unamfikiria hivyo. Imenifanya nilale vizuri.

Kusema kweli sikukueleza yote. Sasa naona mwanga na kivuli tu. Edith namjua kwa hatua zake. Suruali ya mwisho niliyoshona, mwenyewe aliivaa akacheka, na kumbe hakuwa anacheka kwa furaha, mguu mmoja ulikuwa umegeuka nyuma mbele. Cherehani nimeifunika kitambaa. Padri ameongea na madaktari, wamemwambia macho yangu yameshachelewa sana, na mwaka kesho huenda hayatafaa tena kupasuliwa. Kwa hiyo ni Machi hii, Yaya, au nikae hivi mpaka kufa. Sikusukumi. Najua ukishika kitu hukiachi.

Mdogo wako,
Sylvain

Mimi Edith. Haya hapa chini Sylvain hajui, anadhani barua imekwisha. Yaya, mimi nililiwa. Nilinunua simu kwenye mtandao nikapokea kipande cha sabuni kimefungwa vizuri. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nimeiva, kama unavyosema. Lakini nilijifunza. Mwenye kununua kweli anakuja na kelele zake, anagusa, anasema kitu ni kibovu, anakuchosha. Anayekubali kila kitu, mfukuze. Halafu kumbuka ni mimi ninayemsomea barua zako, hakuna mwingine. Ulifikirie hilo unapoandika.


Makomeno, 6 Februari 2025

Sylvain,

Nyongeza ya mke wako nimeiona. Sabuni! Natumaini angalau mliogea. Mwambie asihangaike kunipa mafundisho, yeye apime samaki wake.

Tangazo nimeliweka. Ungewaona watu walioniandikia! Mmoja anauliza kama congélateur inaweza kutumia mkaa. Mwingine anataka tubadilishane na mbuzi wawili, mmoja wao mgonjwa, na amesema mwenyewe kuwa ni mgonjwa. Wa tatu hakuuliza kitu, ameniandikia tu "mama uko muzuri", na picha iliyopo ni ya congélateur. Huu ndio mji tunaoishi.

Halafu akaja huyu. Mwanamke mnene, kitenge kimefifia, mkononi chupa ya maji.

"Jambo, mama. Mi ni Nono, wa kule Katuba. Nimekuya kwa ile congélateur."

Nikamwambia aiangalie akiwa mlangoni.

"Kuangalia haitoshi, mama. Nataka nione kama inakamata baridi. Nimeleta chupa ya mayi. Courant iko?"

"Haiko."

"Haina neno, nitangoya. Unipe tu kiti."

Kiti! Sylvain, unavijua viti vyangu vya velours, mahameli tupu. Nimevifunika nailoni tangu vilipotoka dukani, hata padri anakaa ukingoni. Nikamwambia barazani kuna ngazi. Akakaa kwenye ngazi mchana kutwa, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, majirani wote wanatazama. Umeme uliporudi akaingiza chupa yake, akangoja tena. Maji yakaganda kabisa. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye akaanza kufungua na kufunga mlango, anabonyeza kila mahali.

"Caoutchouc ya mulango, hii mupira, imezeeka, mama. Na bei iko mingi. Ushushe kidogo, nikulipe sasa hivi."

Na akanionyesha fundo la pesa kiunoni, ndani ya kitenge! Nani mwenye akili anatembea na pesa namna hiyo? Nikamuuliza mtu wa Katuba anataka congélateur ya nini. Akajibu, "Kuuzisha samaki, mama." Nilijua tu. Nimechoka na wauza samaki katika ukoo huu. Nilimwambia arudi alikotoka na barafu yake, na akaenda, anacheka. Haya ndiyo matatizo ninayopata kwa ajili yako.

Sasa keti chini, kwa sababu Mungu hakutuacha.

Jioni ileile nimepata mesaji kwa Kifaransa kilichonyooka, kila nukta mahali pake. "Chère Madame." Mtu mwenye adabu, mhandisi katika mji wa Kolwezi, ananunulia mama yake. Nikatazama jina. Mwenze Liévin. Sylvain, jina la baba yetu lote, kama lilivyokuwa kwenye kofia yake ya reli!

Nilisimama. Nilikuwa peke yangu nyumbani na nilisimama. Unajua kwetu ilivyo: mwenye jina la baba ni baba. Hata angekuwa mtoto wa jana, mimi na mvi zangu ningemwita baba na kumpisha njia, nisingembishia wala kumkatalia anachoomba. Nilipomwambia, hakushangaa. Aliandika, "Basi wewe ni binti yangu, Laurentine, na binti hadanganywi." Nililia kama mtoto. Hakuomba punguzo. Baba atabishanaje bei na bintiye? Hakuomba hata kuja kuiona. Atatuma pesa kwa simu, kisha dereva na gari.

Ndiyo tofauti kati ya watu na watu, Sylvain. Mke wako hawezi kuielewa.

Laurentine


Makomeno, 15 Februari 2025

Sylvain,

Jibu lako bado halijafika, naona mvua imekata barabara tena. Siwezi kungoja. Imekwisha, imeuzwa!

Mesaji ya pesa iliingia asubuhi. Kwa haraka ya kazi zake baba alikuwa ametuma zaidi ya bei, masikini, akaomba nimrudishie ziada kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanangoja mshahara. Baba hangojeshwi. Niliirudisha palepale kutoka kwenye akiba yangu iliyokuwa ndani ya simu, yote ikaisha, lakini nitajilipa nikitoa pesa ya congélateur. Aliniandikia, "Que Dieu te bénisse, ma fille," Mungu akubariki, binti yangu. Hata baba mwenyewe alikuwa hasemi hivyo. Alikuwa anatupiga.

Saa sita dereva akaja na pikapu na vijana wawili. Nilipiga magoti mlangoni kumsalimia aliyetumwa na baba, majirani wakaona, na nilitaka waone. Niliwakalisha kwenye velours, nailoni nimeitoa. Wamekula bukari na kuku. Nikawapa na jogoo mzima, mwekundu, miguu nimeifunga kwa utepe, wampelekee baba. Dereva aliuma midomo na kutazama chini. Vijana wa siku hizi hawajui heshima, wakiiona inawachanganya.

Congélateur ilipotoka nilihisi macho yako yanafunguka. Kesho nakwenda kwa Princesse, yule msichana mwenye kibanda cha pesa ya simu penye njia panda, nitoe zote nimkabidhi Fils. Jiandae kwa safari ya Kasenga.

Laurentine, binti wa Mwenze Liévin


Kilwa, 17 Februari 2025

Yaya mpendwa,

Barua yako ya tarehe sita imefika leo, imelowa. Edith aliposoma jina la baba, nilimwambia anyamaze kwanza, nikakaa nalo. Nililia pia. Nilijiambia, nikiwa sioni kitu, baba ametoka alikotoka kuja kunishika mkono. Umpigie magoti kwa niaba yangu.

Nimefurahi pia kwamba ulimpokea vizuri yule mama wa Katuba na kumpa kiti na chai. Ndivyo mama alivyokuwa.

Sylvain wako

Mimi Edith, haraka kabla Fils hajaondoka. Usitoe mzigo! Kwetu Luapula pia jina linarudi, na mwenye jina anaheshimiwa. Lakini kwanza anaulizwa: nani alikupa, na alikupa kwa kumkumbuka nani? Hata mtoto mchanga, mama yake anamjibia. Asiye na jibu amelichukua kama mtu anavyochukua kuku wa jirani. Ulimuuliza? Najua hukumuuliza, kwa sababu alikuandikia Kifaransa. Jina la marehemu uliliweka wewe mwenyewe kwenye mtandao, chini ya picha yake ya kofia, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, na dunia nzima ikalisoma. Mtafute yule mama wa chupa. Yaya, usitoe mzigo.


Makomeno, 2 Machi 2025

Sylvain,

Naandika kwa kifupi, nina kichwa kinauma.

Pesa haijatoka. Ni mtandao wa hapa, umekwama, watu wengi wanalalamika. Itatoka wiki hii au ijayo. Watu wa kampuni ya simu ni wavivu, unawajua.

Mwambie mke wako maneno yake nimeyapata na hayakuhitajika. Awe na subira, kama ana kitu hicho.

L.


Kilwa, 10 Machi 2025

Yaya,

Leo naandika kwa niaba yangu mwenyewe. Sylvain yuko nje juani, anasema jua bado analiona.

Mimi nauza samaki. Kila siku ya soko kuna mtu ananiambia pesa iko njiani, mtandao umekwama. Sura ya maneno hayo naijua hata yakiandikwa kwa mwandiko mzuri. Umeliwa. Uliwafundisha wengine namna ya kutoliwa, ukaliwa wewe pamoja na jogoo wako.

Ningecheka mpaka ng'ambo, Zambia, wanisikie. Siwezi, kwa sababu macho ni ya mume wangu.

Kuna jambo hujalielewa bado, mwalimu. Sylvain hajawahi kusikia barua yako hata moja. Anasikia ninazozitunga mimi nikiwa nimeshika karatasi yako mbele ya uso. Ukiandika "mke wako", nasoma "Edith wetu". Uliposema naandika kama ninavyopaa samaki, nilisoma kwamba mistari yangu imesimama imara. Mwishoni wewe husalimii mtu, kwa hiyo najisalimia mwenyewe: "Na Edith umsalimie sana, umwambie namshukuru kwa kukutunza." Nazisoma salamu hizo kwa mdomo huu, kwa sauti isiyo yangu.

Usidhani nafanya hivyo kwa kukuheshimu. Nakudharau, na leo nimepata nafasi ya kukuambia. Lakini mtu asiyeona anakaa na nini mchana kutwa? Nilimtengenezea dada mwema akae naye.

Sasa sema ukweli. Una kitu chochote? Una viti, una televisheni ukutani. Watu wanauza, Yaya. Madaktari wanakuja.

Edith


Makomeno, 18 Machi 2025

Edith,

Sikukuomba unitungie barua. Umejipa kazi isiyo yako.

Unataka ukweli, kula. Nilikwenda kwa Princesse kutoa pesa. Alitazama simu yangu, akaitazama tena, akasema mbele ya foleni nzima, "Mama, hii mesaji haikutoka ku kampuni. Inatoka ku numero ya muntu. Ndani ya simu yako hamuna kintu." Watu walicheka. Kulikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu pale. Nilipiga namba ya yule mtu, haipatikani tena.

Nilikwenda polisi. Afisa akaniuliza mwizi anaitwa nani. Nikasema, Mwenze Liévin. Akaandika. Akaniuliza jina la baba yangu. Nikasema, Mwenze Liévin. Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, ni baba yako njo amekuibia?" Niliondoka.

Yule Nono nilimtafuta Katuba siku nzima, kwenye matope, nikiuliza watu. Nikampata. Ameshanunua congélateur nyingine na samaki wake wamo ndani. Alinipa kiti, nikakataa kukaa. Sijui kwa nini nakueleza hilo.

Viti siwezi kuuza. Wanawake wa parokia wanakutana kwangu kila Jumatano. Wakikuta sebule tupu watauliza, na jibu litatembea mpaka Kamalondo kabla ya jua kuzama. Wewe hujui kuishi katikati ya watu wanaokutazama. Televisheni imekufa tangu mwaka jana, ipo ukutani kwa sura tu.

Mwambie Sylvain umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza congélateur kabla haijauzwa. Hiyo inatokea kila siku hapa, ataamini. Usimwambie lingine.

Laurentine


Kasenga, 30 Machi 2025

Yaya,

Amepasuliwa.

Nimeuza kioo changu cha jua na betri yake, vile ninavyochajia watu simu pale Kilwa. Hapa Kasenga kuna mtandao, nikaweka tangazo. Watatu walitaka nitume kabla hawajafika, nikawanyamazia. Wa nne alikuja mwenyewe, mzee mmoja mbishi, akaanika kioo juani kutoka asubuhi, akachaji simu ya kila aliyepita, akasema betri imechoka, akanitukana kidogo. Nilimpenda sana mzee yule. Nilimnunulia chai. Pesa ameihesabu mkononi mwangu uani kwa masista, watu wakiona.

Imetosha jicho moja. La kulia. La kushoto limekwenda na jogoo wako.

Sylvain anaamini pesa ni ya congélateur. Nimemwambia aliyeinunua ni mama wa Katuba, kwa sababu yule mwenye jina la baba alihamishwa kazi ghafla. Kabla ya kuingia kwa daktari alikuombea wewe, kwa sauti, wagonjwa wote wakaitikia amina. Mimi pia nimeitikia. Ungekuwepo ungejificha wapi?

Bandeji inatolewa kesho. Amesema kitu cha kwanza anachotaka kusoma si Biblia wala jina la hospitali. Anataka barua za dada yake, azisome mwenyewe, zote, toka ya kwanza. Niko nazo. Sijui nitamwambia nini. Labda nitadanganya tena, nimeshazoea. Lakini nimechoka, Yaya. Kukufanya mwema ni kazi ngumu kuliko kupaa samaki.

Edith


Makomeno, 5 Aprili 2025

Mdogo wangu mpendwa Edith,

Choma. Nakusihi kwa jina la mama yangu, zichome zote, usimwonyeshe hata moja. Ile ya mwandiko, ile ya sabuni, ile ya jogoo. Hasa ile niliyokuambia useme umeme umeiunguza. Mwambie Fils alizipoteza, mwambie panya, sema lolote, wewe unajua kutunga kuliko mimi.

Nimekuwa mbaya kwako. Nakubali yote. Nilikudharau kwa sababu samaki wananuka na wewe hukuona haya, na mimi maisha yangu yote nimeona haya kwa kila kitu. Nitauza viti, Edith. Nimeshapiga picha. Wanawake wa parokia watakaa chini, au wasije. Jicho la kushoto litapata pesa yake mwakani, hata kama nitalala kwenye sakafu.

Lakini usimpe zile barua. Mume wangu aliyeniacha zamani ananikumbuka kwa ubaya huko aliko, wanafunzi wangu wananicheka barabarani. Sylvain ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayenifikiria vizuri. Mwache abaki na yule uliyemtengenezea. Nitajifunza kuwa yeye, polepole, kabla hajagundua.

Dada yako, kama utakubali,
Laurentine


Kilwa, 13 Aprili 2025

Kwa Laurentine Mwenze,

Mwandiko huu ni wangu. Unayumba kwa sababu natumia jicho moja.

Edith aliniambia barua zote zililowa mvua njiani zikawa uji. Nilimwamini, nikasikitika. Leo ni Jumapili ya Matawi. Lori la Fils lilipopiga honi nilikwenda kulipokea mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, na watu njiani walinipigia makofi. Fils akanipa bahasha. Siku hizi nasoma chochote, nasoma mpaka maandishi ya magunia ya unga. Niliifungua nikiwa nimesimama pale kati ya watu. Ilikuwa ya Edith. Niliisoma mpaka mwisho.

Nilipofika nyumbani Edith alikataa kunipa nyingine. Tuligombana, na hatujawahi kugombana. Baadaye akazitoa, akakiri na kioo cha jua alichokiuza, akaenda kukaa nje ili asinione nikisoma. Nimezisoma zote kwa kufuatana. Misa imenipita.

Juu ya congélateur sina neno. Mtu angenijia na jina la baba, hata mimi ningetoa, na ningempa majogoo wawili. Kwa hilo sikulaumu, na jicho la kushoto usiliuzie viti. Vikalie, pokea wageni wako. Nimepima uzi asubuhi, unaingia kwenye sindano. Jicho moja linatosha kushona.

Lakini miezi yote nilipokuwa gizani nilikuwa na dada. Aliuliza kama nalala. Alimpa kiti mama asiyemjua na akampikia chai. Kila mwisho wa barua alimsalimia mke wangu kwa jina, na Edith akifika hapo sauti yake ilikuwa inabadilika, nikadhani ni furaha. Nilikuwa nikiwaambia watu hapa Kilwa: mimi siogopi, Lubumbashi nina mtu.

Dada yule nilimpenda. Leo nimemtafuta katika barua zote, mstari kwa mstari, kwa jicho lililonigharimu kazi ya mke wangu, na hayumo. Wewe uliyeziandika sikujui. Usijibu, kwa sababu mtu nisiyemjua sina la kusoma kutoka kwake.

Mwenze Sylvain